Wanunuzi wa Kiberiti

Duka la Mama Tresor lilikuwa la aina ile ambayo watu wa mjini wamekwisha kuisahau, na watu wa vijijini hawaijui kwa jina lingine ila "dukani". Lilikuwa Kawempe, Kampala, nyuma ya kota za askari, ukishavuka mfereji na kumpita kinyozi. Humo ungepata chumvi ya kupima na misumari ya kupima, mafuta ya taa, odii ya simsim iliyosagwa Kitgum, kamba ya kufungia mbuzi, sufuria, vifungo, soda baridi, na dawa ya panya iliyokaa rafu moja na biskuti. Usiulize kwa nini. Abdul-Latif, yule Mnubi aliyelifungua duka, ndiye aliyezipanga hivyo, na Perpétue, ndiye huyo Mama Tresor, alipolinunua hakuthubutu kuhamisha kitu, kwa sababu wateja walikuwa wakinyoosha kidole bila hata kutazama.

Siku Abdul-Latif alipofunga mizigo yake kurudi Bombo kuzeeka, alimwita huyu mama wa Kikongo pembeni, akamwachia wosia wa biashara.

"Mama, humu ndani iko vitu ya kuuza na iko vitu ya kuweka. Ya kuuza utajua kwa wiki moja. Ya kuweka, enda nayo polepole."

Vya kuweka vilikuwa vingi. Funguo za nyumba za watu waliokwenda lindo. Vifurushi vilivyoshushwa na mabasi ya Gulu na Arua. Mtoto ambaye mama yake amecheleweshwa kliniki. Wakati mmoja aliwekewa mbuzi, na mbuzi akala vifungo. Lakini kikubwa kuliko vyote kilikuwa habari. Juu ya mlango palikuwa pameandikwa namba ya simu kwa rangi nyekundu, na namba hiyo watu waliijua huko Kitgum, Lira na Pader kuliko walivyozijua namba za watoto wao. Ni kweli kwamba siku hizi kila mke wa askari ana simu yake, tena yenye kioo kilichopasuka kwa kuangalia video. Lakini habari ya kifo hapigiwi mke. Mtu mwenye akili zake hupiga dukani, naye mwenye duka hujua nani yuko nyumbani, nani anaumwa, nani ana mtoto mchanga, na nani asiambiwe mpaka akae chini.

Kwa kazi hiyo Perpétue alifaa kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa Mnande wa Butembo, hana ukoo na yeyote katika kota zile, na uso wake, hata akifurahi, ulikuwa wa mtu anayepima sukari. Watu wa nyumbani huvunjika haraka. Mgeni hujikaza.

Nao wanawake wa kota walikuwa na desturi yao. Habari ikifika dukani, Perpétue alimwambia mtu mmoja tu, Concy, mke wa sajini, aliyekaanga chapati hapo kando. Concy alizunguka milango akisema neno moja: "Enda nunua kiberiti." Basi. Hakuna aliyeuliza zaidi ya jina. Wanawake walikuja mmoja mmoja, kila mtu akanunua kiberiti chake, kwa maana usiku ule na mfuatao moto ungewaka nje ya nyumba ya matanga na kila mmoja angetaka kuuchochea. Wakishanunua hawakuondoka. Walibaki dukani wakipiga soga za bei ya mkaa, mpaka mwenye msiba afike mwenyewe kununua kitu chake, akute watu tayari. Hapo ndipo wakubwa wa ukoo walipoingia kusema neno lao. Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na waliokuja na mawazo ya kubadilisha waliambiwa wangoje zamu yao ya kufiwa.

Alhamisi moja asubuhi simu ya duka ililia Perpétue akifungua gunia la maharage.

"Mama Tresor? Hii ni Ochan. Kaka ya Ongom."

Perpétue alimjua. Ochan alikaa Kyambogo, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa watu wote wa kijiji chao waliohamia Kampala. Ongom, mdogo wake, alikuwa askari wa doria huko Karamoja, na mkewe Aol alikaa kota, nyumba ya tatu kutoka dukani.

"Ongom hayuko tena," Ochan alisema. Sauti yake ilikuwa imenyooka, kama ya mtu aliyekwisha kulisema neno hilo mara nyingi tangu usiku. "Gari yao ilipinduka jana jioni. Aol iko wapi?"

"Sijamuona bado."

"Usiache ajue, mama. Mimi nangoja shangazi yetu Anena, iko kwa njia kutoka Luweero. Bila shangazi siwezi kuingia kumwambia mwanamke habari kama hii. Umweke hapo. Usiache akae peke yake hata kidogo. Unajua ile ya kwanza."

Perpétue aliijua ile ya kwanza, na kota nzima iliijua. Mwaka juzi, mjomba mmoja asiye na adabu wala subira alimpigia Aol simu moja kwa moja akamwambia mama yake amefariki. Aol alikuwa chumbani, mlango umefungwa, na mimba changa. Walimkuta jioni sakafuni. Mama alikuwa amekwenda, na mimba nayo ilikuwa imetoka. Sasa alikuwa na nyingine, kubwa, ya kuhesabiwa wiki, na daktari alikuwa amemwonya asibebe hata ndoo. Mumewe alikuwa amekwisha kufa na hapakuwa na la kufanya. Lakini mtoto alikuwa bado, na mtoto ndiye aliyekuwa mikononi mwa duka asubuhi ile.

Perpétue alikata simu, akageuka, na kitu cha kwanza alichokiona kilikuwa simu ya Aol mwenyewe. Ilikuwa imelala kwenye rafu ya ukutani pamoja na nyingine, ikichajiwa, kwa kuwa umeme wa kota ulikuwa umekatwa tangu Jumatatu. Ikawaka. Jina la yule mjomba. Kuna watu habari haiwezi kukaa tumboni mwao, huwawasha kama upupu. Perpétue aliiacha ilie mpaka ikanyamaza, kisha akaizima kabisa, akamwita Concy dirishani na kumwuma sikio.

Concy aliiepua chapati iliyokuwa jikoni, akafuta mikono, akaenda zake kwenye milango.

Aol alifika kabla ya mwanamke yeyote, jambo ambalo halikuwa katika utaratibu. Tumbo lilimtangulia mlangoni. Alikuwa mrefu, mcheshi, mwenye kucheka kabla hajamaliza anachokisema, na siku hiyo alikuwa amesuka nywele.

"Mama Tresor, umeamkaje? Nipe simu yangu. Na sabuni ile ya kunukia, na odii, na wembe. Mzee anakuja Jumamosi. Nataka akute nyumba inafanana na nyumba."

Perpétue aliteremsha sabuni. Aliteremsha odii. Wembe alijifanya hauoni.

"Simu haijajaa," alisema. "Umeme ulikatika."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Perpétue ilikuwa fupi kuliko kaunta yake. Aol aliinua macho akaitazama taa iliyokuwa ikiwaka juu ya vichwa vyao, kisha akalisikiliza friji la soda likinguruma.

"Umeme ilikatika, na taa inawaka?"

"Ni hii waya ya simu tu njo imekufa," Perpétue alisema bila kupepesa. "Minaitengeneza sasa hivi. Ikala kidogo, mama, unisaidie kutoa mawe kwa haya maharage. Macho yangu hayaone tena."

Macho ya Perpétue yalikuwa yakimwona mwizi wa peremende kutoka ng'ambo ya mfereji. Lakini Aol hakuwa mtu wa kukataa. Alikaa kwenye kigoda, akapakata ungo, akaanza kuchambua maharage na kusimulia jinsi Ongom alivyoapa kwamba mara hii atapaka rangi chumba cha mtoto, ingawa chumba chenyewe ni pazia.

Perpétue alisikiliza, akaitikia panapoitikiwa, na mikono yake ikaendelea kupanga vitu vilivyokuwa vimepangika. Alikuwa amekwisha kuifanya kazi hii mara kadhaa na hakuipenda hata mara moja. Habari ya mumewe Anselme yeye aliipata sokoni Butembo, kwa mwanamke aliyekuwa akipatana naye bei ya vitunguu. Mwanamke yule alisema, "Pole kwa bwana yako," kisha akaendelea kupatana, akidhani mwenzake anajua. Perpétue alimuuzia vile vitunguu. Hakumchukia mwanamke yule. Alichukia tu kwamba hapakuwa na mtu wa kumshika, na kwamba hata leo hawezi kunusa vitunguu vibichi bila kutafuta mahali pa kukaa.

Mnunuzi wa kwanza aliingia. Alikuwa mke wa koplo. Alimsalimia Aol kwa sauti ya juu mno, akanunua kiberiti, akaegemea gunia la mchele na kuulizia bei ya mkaa. Akafuata mwingine. Kiberiti. Huyu akakaa kwenye jerikani. Wa tatu alikuja na mtoto mgongoni. Kiberiti. Perpétue alivitoa bila maneno, akijua kosa liko wapi na akijua haliwezi kurekebishwa: desturi ilikuwa ya kumzunguka mtu anayekuja, na mtu huyu alikuwa amekwisha kuja, amekaa katikati yao na ungo magotini. Na tena hakuwa mgeni wa mambo yale. Mwezi wa pili, alipofiwa mke wa dereva, Aol mwenyewe alikuwa amenunua kiberiti na kuegemea gunia lile lile.

Wa nne alikuwa Lamunu.

Lamunu alikuwa mwembamba, mkimya, jirani wa Aol ukuta kwa ukuta. Mumewe, Ocira, alikuwa Somalia na jeshi la kulinda amani. Ocira na Ongom walitoka kijiji kimoja na wote walimwita Ochan kaka. Lamunu aliingia, akaomba kiberiti, na sauti ikamkwama. Wanawake waliokuwemo hawakuthubutu kumtazama Aol. Macho hayana budi kutua mahali, na yalitua kwa Lamunu.

Vidole vya Aol vilisimama ndani ya maharage.

Perpétue aliona. Aliona Aol akiwatazama wanawake, mmoja baada ya mwingine, kisha viberiti mikononi mwao, kisha akiyafuata macho yao mpaka yalipotua. Cheko lilimtoka usoni taratibu. Perpétue alishika ukingo wa kaunta akasema moyoni, basi, imekwisha, na shangazi bado yuko barabarani.

Aol aliweka ungo chini. Aliinuka kwa kujishika kiuno, akaja kaunta, akainama mpaka mdomo wake ukakaribia sikio la Perpétue.

"Ni Ocira?" alinong'ona.

Kuna wakati mtu husema uongo kwa kupanga, na kuna wakati uongo huja wenyewe na kukuta mlango wazi. Perpétue hakupanga. Alimtazama huyu mwanamke mrefu aliyesuka nywele kwa ajili ya Jumamosi, akalitazama tumbo lililobanwa na ubao wa kaunta, na kichwa chake kikaenda chini, kikapanda juu.

"Maskini Lamunu," Aol alisema. Machozi yalimlenga, akayapangusa upesi kwa upande wa mkono ili asionekane. Kisha akafanya kile ambacho mwanamke yeyote wa kota angefanya. "Nipe na mimi kiberiti."

Perpétue alimpa. Alipokea sarafu yake, maana asiyelipia kiberiti hahesabiwi kuwa amekuja. Katika miaka yake yote ya kuuza, hapakuwa na kitu alichokiuza kikamwuma kama kile. Aol alikitia kifuani na kumgeukia Lamunu.

Kuanzia hapo ndiye aliyelishika duka. Alimkalisha Lamunu kwenye kigoda alichokuwa amekalia yeye. Alimtuma Concy alete chai ya maziwa, na mkate, na chapati ya moto, si ile ya jana. Aliwakemea wenzake kwa macho walipopunguza soga, akazichochea mwenyewe. Alijua, kama wanawake wote wa pale walivyojua, kwamba mtu akishaambiwa hali tena, siku mbili, siku tatu, kwa hiyo alishwe kwanza.

"Kula, Lamunu."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini asubuhi hii? Kula, mimi pia nakula. Angalia." Akamega chapati, akatia kinywani, akatafuna mbele yake kama mtu anayembembeleza mtoto. "Sasa wewe."

Lamunu alimega. Alitafuna polepole, akimtazama Aol, na Perpétue aliona mahali hasa ambapo alielewa. Taya ilisimama. Kisha akasema anataka maji, akaja kaunta, akampa Aol mgongo.

"Mama Tresor. Huyu anafikiri ni mimi."

"Najua."

"Nani amemwambia?"

"Aliniuliza. Nikaitikia kwa kichwa."

Lamunu aliishika bilauri bila kunywa. "Kwetu mtu hachezi na kitu hii," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Ukikaa kwa kiti ya mjane na bwana yako iko hai, kifo inasikia. Inakuja kuuliza, nani ameniita? Ocira yangu iko mbali. Kule hakuna siku inapita bila bunduki."

Hakuwa akilaumu. Alikuwa akiogopa, na aliogopa kwa haki yake. Kwao Perpétue pia kifo kina masikio.

"Nikuondoe?" aliuliza. "Niseme umeitwa nyumbani?"

Lamunu aligeuka kidogo. Aol alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, akimalizia kipande cha chapati alichokuwa amemmegea rafiki yake. Mkono mmoja ulikuwa juu ya tumbo.

"Ulikuwa umeona amekula leo?" Lamunu aliuliza.

"Hapana. Alikuja na njaa yake."

"Sasa anakula." Lamunu alikunywa maji yote, akaweka bilauri. "Wacha ikuwe mimi, mpaka wafike."

Akarudi akakaa kwenye kile kigoda. Alipokaa alipiga ishara ya msalaba, kidogo, chini ya kifua, na Aol aliyeiona alidhani anaanza kuhisi, akamkumbatia magoti.

Saa zilienda. Jua lilihama kutoka kwenye kizingiti likaingia mpaka kwenye magunia. Ochan alipiga tena: Anena amefika, lakini Barabara ya Bombo imejaa foleni, wameacha gari na wanatafuta boda, na shangazi hataki boda. Wateja wa kweli walikuja, wakaona wanawake na viberiti, wakanunua chumvi yao kwa sauti ya chini na kuondoka. Hata kinyozi alizima redio. Yule mke wa koplo, ambaye kwa kawaida hamalizi sentensi bila kumsengenya mtu, aliishiwa na bei za mkaa akaanza kutaja bei za kuni.

Wakati mmoja Aol alikuja tena kaunta. Perpétue alidhani amekuja kudai simu, akaanza kutafuta uongo mwingine, na safari hii hakuwa na hata mmoja.

"Ile simu yangu," Aol alisema, "hata ukimaliza kutengeneza waya, usiiwashe. Ongom akipiga nitacheka. Mimi nikisikia sauti yake siwezi kujizuia. Si vizuri nicheke mbele ya Lamunu."

"Sitaiwasha," Perpétue alisema.

"Nani anakuja kumwambia?"

"Ochan. Na shangazi Anena."

Aol aliitikia kwa kichwa, ameridhika. "Anena ni mzuri. Iko na mikono ya nguvu." Halafu akafikiri. "Mimi nitasimama nyuma yake. Wakisema, mtu huanguka na nyuma, hapana mbele. Wewe umewahi kuona?"

"Nimewahi kuona," Perpétue alisema.

Walifika mchana, kwa miguu. Ochan alikuwa ametangulia, kofia mkononi, na nyuma yake Anena, mwanamke mnene aliyevaa gomesi ya bluu, akihema kwa ile kona ya mfereji. Walipoingia soga zilikatika zenyewe. Hakuna aliyesalimia. Wanawake walisogea kuwapa nafasi, na kwa kuwa nafasi haikuwapo, walisogea tu.

Aol alikuwa amekwisha kuinuka. Alikwenda nyuma ya kigoda, akaweka mikono yake miwili juu ya mabega ya Lamunu, akayashika imara, na kumtazama Anena kwa macho ya mtu anayemwonyesha mwenzake mahali pa kushika mzigo mzito.

"Iko hapa, shangazi," alisema taratibu. "Amekula."

Anena hakusimama mbele ya Lamunu. Alimpita, akawapita wanawake wawili waliojibana ukutani, akaja akasimama nyuma ya Aol. Akapitisha mikono yake chini ya makwapa ya Aol na kuifunga juu ya tumbo.

"Hapana, shangazi," Aol alisema. Alijaribu kujitoa, kwa heshima. "Umekosea mtu. Ni Lamunu."

"Aol," Ochan alisema.

"Ni Lamunu, shemeji. Ni Ocira." Aligeuza kichwa, akamtafuta Perpétue juu ya vichwa vya watu. "Mama Tresor. Waambie. Wewe ndiye uliniambia mimi."

Duka zima lilimgeukia. Ochan pia. Kusema kulikuwa kwake Ochan, kwa desturi, na mgeni hana sauti mahali pale. Lakini aliyeitwa alikuwa Perpétue. Aliinua ule ubao wa kaunta, akatoka, akapenya mpaka akasimama uso kwa uso na Aol, na kwa mara ya kwanza tangu wamjue, watu wa kota waliuona uso wake ukiwa hauna kitu cha kupima.

"Nilikudanganya, mwanangu," alisema. "Si Ocira. Ni Ongom. Jana jioni, gari lao lilipinduka. Nilikudanganya ili usiwe peke yako."

Aol hakupiga kelele. Wala hakuanguka. Anena alikuwa amemshika kwa nyuma, mke wa koplo alikuwa amemshika kiuno, Concy alikuwa na mkono wake wa unga chini ya kiwiko, na duka lilikuwa limejaa kiasi kwamba hata aliyetaka kuanguka hakuwa na pa kuangukia. Lamunu alikuwa amegeuka kwenye kigoda, akalilaza shavu lake juu ya lile tumbo na kulikumbatia. Humo ndani mtoto alisukuma, akasukuma tena, na Lamunu alihisi, akainua kichwa na kumwambia Anena kwa macho kwamba yupo.

Mikono ya Aol ilikuwa bado juu ya mabega yake. Aliinamisha uso akamtazama Lamunu, kana kwamba kuna hesabu moja iliyobaki na lazima aimalize kwanza.

"Basi Ocira iko mzima," alisema.

"Iko mzima," Lamunu alijibu, na ndiye aliyeanza kulia.

Aol alimpapasa kichwa. Alimpapasa hivyo, taratibu, akimwambia anyamaze, anyamaze, mpaka sauti yake mwenyewe ilipomgeuka kinywani na wanawake wakamkalisha chini.